Vidole Nyuma ya Usukani

Nianze na dhambi yangu, nisije nikaonekana mwema. Nilidanganya juu ya kifo cha shemeji yangu. Kwa uongo wangu, mwanamke mzee aliyemlea tangu hajaota meno alitolewa nyumbani na godoro lake kichwani, akiitwa mchawi. Mimi nilikuwepo. Nilisimama uani nikaangalia. Tena nilikuwa nimetoka kusali.

Kazi yangu ni umeme wa magari. Gereji wananiita Nyaya. Shule sikufika mbali, lakini gari likiwa na hitilafu ya waya nitaitafuta mpaka niipate, na kwa hilo watu walinisifu. Sifa ni tamu. Zilinilevya kuliko pombe, na pombe sijawahi kuonja.

Shemeji, mume wa dada yangu, alipopata kazi ya maana alinunua gari la ndoto yake. Milango miwili, pua ndefu, injini ya V8, vioo vyeusi tii. Otomatiki, lakini linasukumwa na tairi za nyuma, na likinguruma mtaa mzima unajua mwenyewe karudi. Nyuma ya usukani, upande usiouona ukiwa umekaa, lina vijiti viwili vyembamba ambavyo sisi gereji tunaviita masikio. Ukivuta sikio la kulia, gia inapanda. La kushoto, inashuka. Vinalia *kli*. Gari linaweza kujibadilishia gia lenyewe, ila ukivuta masikio, linakusikiliza wewe.

Halafu kuna traksheni. Hii ndiyo inayolishika gari lisiteleze. Tairi ya nyuma ikitaka kuzunguka ovyo, kompyuta inaibana kabla hujajua kuna shida. Kwenye dashibodi kuna taa ya njano, kigari kidogo kinachoacha alama za nyoka nyuma yake. Ikimemeta, traksheni iko kazini inakuokoa. Ikiwaka bila kumemeta, imezimwa. Uko peke yako.

Siku moja shemeji alikuja gereji amenuna.

"Shemeji, hili gari linanibana. Nikikanyaga mafuta, kama limefungwa kamba."

"Limefungwa kweli."

"Basi lifungue. Mimi nimenunua simba, sikununua mbuzi."

Tulicheka. Nikamwonyesha kitufe. Ukikibonyeza mara moja, traksheni inalegea tu. Ukitaka kuizima kabisa, unakishikilia. Kitabu cha gari kimeandika onyo hapo, lakini sisi mafundi tukisoma kitabu tunaruka maonyo. "Shika," nikamwambia. "Usiachie. Hesabu mpaka tano." Taa ya njano ikawaka. "Sasa ukiingia kona, vuta sikio la kushoto usikie injini inavyokoroma."

Alizunguka uwanja wa gereji mpaka vumbi likatufunika. Akashuka akanikumbatia. "Nyaya, wewe ni profesa."

Ardhi ilikuwa kavu siku ile. Sikumwambia habari ya ardhi mbichi. Sikumwambia kwamba ukishusha gia kwenye kona ya maji, injini inazikamata tairi za nyuma kwa ghafla, na kama traksheni imezimwa hakuna wa kuzisaidia. Nilijua. Nilitaka kuendelea kuwa profesa.

Alikufa jioni ya mvua, kwenye kona ya barabara ya maghala. Gari lilizunguka likagonga ukuta wa kalavati kwa ubavu wa dereva.

Askari aliniuliza kama gari lilikuwa na tatizo. Nikasema halikuwa na tatizo lolote, nililikagua kwa mikono yangu. Msibani ndugu wakaulizana: gari zima, dereva hakunywa, imekuwaje? Hapo ndipo mtu mmoja akakumbuka maneno ya shangazi. Shangazi, dada wa baba wa shemeji, ndiye aliyemlea, alikaa nyumba moja na dada yangu. Wiki gari lilipoletwa, alisema mbele ya watu, huku akikunja nguo, "Mwanangu, gari hili litakuja kukuzika." Lilikuwa onyo la mlezi. Msibani likageuka kuwa laana. Wakanigeukia mimi.

"Fundi, kwa ujuzi wako, hii ni ajali ya kawaida?"

Dada yangu alikuwa ananitazama. Ningesema neno moja tu, kitufe.

"Kwa ujuzi wangu," nikasema, "hii si ya kawaida."

Sikutaja jina la mtu, nikajiliwaza kwa hilo. Lakini mkuki hauhitaji jina la anayechomwa. Kabla jua halijazama, godoro la shangazi lilikuwa uani.

Miezi ikapita. Bosi wangu, tunamwita Kipara ingawa ana nywele kidogo za ubishi, alilinunua lile gari kama chuma chakavu akalifufua. Mlango mpya, kiti kipya, usukani mpya kwa sababu ule wa zamani ulipasuka puto la usalama. Usukani niliufunga mimi. Nilifanya kazi ile haraka haraka, uso nimeugeuza pembeni.

Jioni moja, mafundi wanakusanya spana, mawingu yameshuka na manyunyu yameanza, Kipara akanirushia ufunguo.

"Nyaya, lizungushe barabara ya maghala usikilize kama mlango unapiga upepo. Mnunuzi anakuja kesho."

"Asubuhi, bosi. Kunanyesha."

"Mvua ya mate hiyo. Limekuuma?"

"Mwache," akasema mpaka rangi. "Anaogopa shemeji yake atamwomba lifti."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana mtu mzima kuchekwa ni aibu. Nikaingia.

Kiti kilinukia upya. Niliwasha injini, taa zote zikawaka zikazimika kama kawaida. Nikaweka D. Nikatoka getini taratibu, nikimtaja Mungu chinichini.

Barabara ya maghala imenyooka muda mrefu, kuta ndefu huku na huku, mageti ya mabati, taa za nguzo moja nzima tatu mbovu. Mlango haukupiga upepo. Nilianza kupumua. Nikawaza, nitafika pale kwenye duka la matairi, nigeuze, nisiifikie ile kona.

*Kli.*

Niliusikia mlio kabla sijauelewa. Nikatazama dashibodi. Pale palipokuwa na D sasa paliandikwa M, yaani gia za masikio, na namba tano.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya usukani. Wa kushoto ulikuwa pajani.

Nyaya gani hizo, nikajisemea. Shoti tu. Nikarudisha D.

*Kli.* M.

Halafu nikasikia harufu. Si ya kiti kipya. Mpira ulioungua, na ndani yake yale mafuta ya mnazi aliyokuwa anapaka kichwani, mengi, mpaka kola zake zote ziliota mstari. Shemeji.

Nikaweka mguu kwenye breki. Breki ilikuwa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Nikakanyaga tena kwa nguvu zote. Jiwe. Duka la matairi likanipita dirishani na taa zake, na gari halikupunguza. Nikabonyeza kitufe cha kuzima injini, nikakishikilia kama inavyotakiwa wakati wa hatari. Injini iliendelea kunguruma, tena kwa upole, kama mtu anayeimba kwa pua akiwa na kazi yake.

Nikavuta kitasa cha mlango. Kilikuja mkononi, chepesi, hakikufungua kitu. Kitufe cha kioo, vivyo hivyo. Nikahama kwenda mlango wa abiria, mkanda ukanikaba. Nilibonyeza kifungio chake mpaka kucha ikapinda. Haukuachia.

Mlinzi wa ghala mmoja alikuwa amesimama chini ya bati akijikinga na manyunyu. Nikapiga kioo kwa ngumi. Nikapiga kelele mpaka koo likawasha. Yeye aliona gari zuri jeusi likipita taratibu. Akainua mkono kulisalimia.

Vile vioo. Kutoka nje hakuna anayeona ndani.

Basi nikawa humo, na dunia nzima iko hatua chache tu, watu wanafunga maduka yao, mama mmoja anavuka na mwavuli na gari likampisha, ndiyo, lilimpisha kwa adabu. Lilijua linakokwenda. Miye ndiye niliyekuwa mzigo.

Taa ya njano ikawaka. Kigari na alama zake za nyoka.

Haikumemeta.

Mvua ikaongezeka. Mbele, taa za gari zikaangaza alama ya kona. Pedali ya mafuta ikaanza kushuka yenyewe chini ya soli ya kiatu changu. Niliinua mguu. Ikaendelea kushuka.

Akili ya fundi haifi upesi. Nikawaza, breki hakuna, lakini gia ipo. Bado ni barabara iliyonyooka. Nikishusha gia moja moja mapema, kabla ya kona, injini yenyewe itapunguza mwendo. Nikapeleka vidole vya mkono wa kushoto nyuma ya usukani kulitafuta sikio.

Palikuwa na vidole pale.

Vinne. Vimelala juu ya sikio, vimetulia, vya baridi, vimelowa. Kama vya mtu anayengoja zamu yake.

Nilitaka kuutoa mkono.

Vikaukunja ndani yake.

Nilitazama mbele ya usukani, mita zinawaka, hakuna mtu, na nyuma yake hapana nafasi ya kutosha hata paka. Na ndimo sauti ilimotokea. Ndogo. Karibu na goti langu.

"Shemeji..."

Nikaanza sala. Sala ninayoijua tangu utoto, ile ya kulalia. Ikaniganda mdomoni kama uji wa jana.

"Nilishika... mpaka tano."

"Nisamehe," nikanong'ona. "Nisamehe, shemeji, niachie."

"Nani alinizika?"

Nilijua jibu. Wewe unayesoma unalijua. Lakini uongo ukishazoea nyumba haufungui mlango kirahisi. Nikakimbilia pale tunapokimbilia sisi wacha Mungu tukiwa na makosa.

"Ni... ni Mungu alipenda."

*Kli.*

Vidole vilivuta na vyangu vikiwa ndani yake. Gia ya nne. Injini ikaruka, mkia wa gari ukatikisika kushoto, ukarudi. Kona ikaonekana.

"Nani alinizika?"

"Mvua! Ilikuwa mvua..."

*Kli.*

Ya tatu. Tairi za nyuma zikalia. Nikahisi kiti kinanitoka chini, gari linaanza kwenda ubavu ubavu, na kwenye kioo cha mlango nikaona ukuta wa kalavati, sehemu moja rangi ya saruji mpya.

"Nani?"

"Walisema shangazi, mimi sikumtaja, wao ndio..."

*Kli. Kli.*

Mkia ukaniacha. Ghala, mtaro, taa ya nguzo, ghala, vyote vikapita mbele yangu kwa mpangilio usio wake. Nikajua nitakufa palepale, kwa ubavu uleule, na nitazikwa, na dada yangu atauliza, na watu watasema shangazi hakutosheka na mmoja. Hilo ndilo lililonifungua mdomo. Nasema kweli mbele za Mungu, haikuwa ujasiri. Niliona mawe yakimfikia shangazi nikiwa tayari kaburini, siwezi tena kusema.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekuonyesha kitufe. Sikukwambia habari ya mvua. Shangazi hakufanya kitu. Nilidanganya."

Kidole kimoja kikalegea. Cha pili. Kama mtu anayetoa mkono wake polepole kwenye mkono wa mgonjwa aliyelala.

Taa ya njano ikaanza kumemeta.

Chini ya miguu nikahisi *trrr, trrr, trrr*, tairi zinabanwa moja moja, gari linashikwa, linavutwa, linanyooshwa. Breki ikawa laini. Likasimama kwa upande, na mlango wangu, ule mpya, ulikuwa karibu na ukuta kiasi kwamba ulipojifungua wenyewe uligusa saruji na kuacha mkwaruzo. Nilitokea mlango wa abiria, kwa magoti, nikakaa mtaroni kwenye maji.

Nilimpigia simu Kipara, akaja na tochi na gari la kuvuta magari mabovu. Aliangalia mkwaruzo kwanza, kisha mimi.

"Umetaka kuniulia gari kabla sijaliuza?"

"Masikio," nikamwambia. "Yamevutwa. Yalishusha gia."

Akaingia, akavuta la kushoto, akavuta la kulia. Akakunja uso. Kesho yake alifungua usukani mbele yangu kwa bisibisi, akaniita nichungulie. Plagi ya masikio ilikuwa inaning'inia, haijachomekwa. Ule haraka haraka wangu. Nilikuwa nimeisahau.

"Nyaya," akasema, "hivi vitu havijaunganishwa na chochote. Ungevivuta mpaka Yesu arudi, gia isingeshuka."

Akapima kwa kompyuta. Hakuna kosa hata moja. Akasema nilishikwa na hofu, nikateleza, basi. Huenda. Mtu aliyebeba dhambi hasikii kama wengine. Ila mkono wangu wa kushoto ulikuwa na alama nne kwenye vidole, nyeupe kama ngozi iliyokaa majini sana, na hazikuisha kwa siku kadhaa.

Nilikwenda kwa shangazi kwa miguu. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, unga umekaa juu ya kila kitu, hata kope zake. Alikuwa anashona sweta la mtoto wa mtu. Nikapiga magoti kizingitini.

"Shikamoo, shangazi."

Aliendelea kushona. "Marahaba. Inuka, unaziba mwanga."

Nikakaa sakafuni, nikamweleza. Kitufe, askari, msibani, neno langu. Sikumweleza ya ndani ya gari; niliona haya. Akasikiliza mpaka uzi ukaisha, akaukata kwa meno.

"Alikushika mkono gani?"

Niliuficha mkono mgongoni.

"Wa kushoto," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi. "Sikumtuma. Usije ukasema nilimtuma. Alikuwa anakuja hapa jioni, anakaa hapo ulipo, anauliza swali moja tu. Mimi ningejua nini habari za magari? Nikamwambia, mwanangu, kamuulize fundi."

Nilisogea. Nilikuwa nimekaa palepale.

"Sasa hayo uliyoniambia," akasema, akitunga uzi mwingine, "umeyasema mbele ya nani mwingine?"

"Mbele yako tu."

"Na siku ile walikuwa wangapi?"

"Nyumba nzima, shangazi. Na majirani."

"Haya." Akarudi kwenye sweta lake. "Ameacha kuja kwangu. Kwako ataacha lini, sijui."

Nimemwambia dada yangu. Alinisikiliza amesimama, akafunga mlango, na mpaka leo haujafunguka kwangu. Nimesimama mbele ya ndugu nikasema. Wengine wamelia. Wengine wamenong'onezana kwamba shangazi kaniroga na mimi, ndiyo maana namtetea. Nimesema mahali ninaposali, watu wakaitikia vizuri, na nilipotoka nikamsikia mmoja akimsimulia mgeni habari ya shangazi mchawi aliyeroga gari. Ile ya kwangu ya zamani. Inatembea kuliko mimi, na njiani imeota mkia, eti alizika kitu chini ya kiti. Shangazi bado analala nyuma ya mashine ya kusaga. Mwezi uliopita watoto walimrushia mawe.

Mkono wangu unakuwa wa baridi kila mvua ikianza jioni. Sishiki tena usukani, lakini naona hilo halitasaidia.

Kwa hiyo ninakuomba. Kama na wewe uliwahi kuisikia habari ya yule mwanamke aliyeroga gari la mwanawe, na ukamsimulia mtu, mrudie mtu huyo umwambie ni uongo, na umtaje aliyedanganya. Ni mimi, fundi.